Kila mpigo aliousikia

Jumanne usiku

Leo tena waliokuja na waume zao wametangulia kuonwa. Ndiyo desturi ya kliniki, sina wa kumlaumu. Nilibaki kwenye benchi, mkono tumboni, maana tangu jana mtoto alikuwa hachezi kama kawaida yake.

Mama aliyekaa kando yangu akanitania, "Shoga, mzee wako umemficha wapi?"

"Yuko Usoke." Sikusema uongo. Ndiko tulikomzika Masanja.

Nesi aliiweka ile pembe ya kusikilizia tumboni, akainamisha sikio, akafumba macho. Akaihamisha, akasikiliza tena. Kwa pembe ile kila mtu anaweza kumsikia mtoto, isipokuwa mwenye mimba mwenyewe. Kliniki ya mwisho aliyonisindikiza, Masanja aliruhusiwa kusikiliza. Alicheka mpaka nesi akamwambia, "Baba, inatosha, unamsumbua mwanao." Nilimwonea wivu siku ile.

"Yupo, mama. Moyo unapiga vizuri."

"Unapigaje?"

Nesi alinitazama, labda akamkumbuka Masanja. Akainamia tena pembe, akaushika mkono wangu, akawa ananigongea kwa kidole kila mpigo aliousikia. Mbio mbio, kama mtu anayekimbilia treni. Nikalia. Naye aliendelea kugonga mpaka mwenzangu wa nyuma akachungulia mlangoni.

Nilipofika nyumbani nilisimama sebuleni, nikasema kwa sauti, "Mzima." Hapakuwa na wa kuitikia. Nilitaka tu nyumba ijue.