Jibu la Kuandika na Jibu la Kuongea

Jumatatu, 1 Septemba
Siku ya nne ya tathmini ya pamoja. Leo Kwa Vonza. Mashirika matatu, gari moja, fomu moja, vumbi la kututosha wote. Tumeuliza kuhusu matangi ya maji ya shirika la mwenzangu Mutua. Nyumba ya kwanza: nesa, yaani nzuri kwa Kikamba, kila kitu kizuri. Ya pili, nesa. Ya kumi na moja, nesa, na kutuombea Mungu juu yake. Siamini hata fomu moja. Nimechoka na nimekasirika.

Jumanne, 2 Septemba
Nimewaambia wenzangu tuvue fulana zenye nembo, watu wasiogope kusema ukweli. Mutua amenuna, yake ni mpya. Amevua. Kesho ni zamu ya mbegu za ndengu, kazi ya shirika langu. Atauliza yeye, mimi niandike tu na kufunga mdomo. Kufunga mdomo si kipaji changu.

Jumatano, 3 Septemba
Kathonzweni. Mama Ndinda, mjane, ekari mbili. Mutua alimuuliza kuhusu mbegu, naye akauliza: "Unataka jibu ya kuandika ama ya kuongea?" Kalamu yangu ikasimama. Mutua akasema ya kuongea.

"Ya kuandika ni nesa. Ya kuongea, mbegu ilikuja kama nishamaliza kupalilia. Na iko na dawa, hata kula huwezi. Niliuza mbuzi nikanunua ingine."

Nimeandika yote. Baada ya hapo tuliuliza kila nyumba kwa maneno hayo ya Mama Ndinda. Kufikia saa kumi fomu zilikuwa zimejaa hadi nyuma.

Wasichojua wakulima ni kwamba mbegu zilikaa kwenye stoo yetu mjini Kabati wiki tatu, zikingoja wageni, wafadhili wetu, waje wapigwe picha wakizigawa. Aliyekubali zingoje ni mimi. Naona aibu.

Ijumaa, 5 Septemba
Meneja wangu amepiga simu. Anataka tuandike kwamba mbegu zilichelewa kwa "changamoto za usafiri". Lori halikuwa na changamoto yoyote. Wageni wanakuja tena Novemba, na ripoti ikinyamaza, mbegu za msimu huu zitawangoja tena. Mvua haitawangoja. Nimekataa. Ameniambia nifikirie kazi yangu. Nimefikiria, nimekataa tena.

Jumanne, 9 Septemba
Kikao cha mashirika yote, Kitui mjini. Ukurasa wa mbegu nimeusoma mwenyewe, jina langu likiwa ndani. Kisha Mutua, bila kuulizwa, akasema matangi yake manne yanavuja. Tumekubaliana: mbegu zitagawiwa kufikia katikati ya Oktoba, wageni wawepo wasiwepo. Meneja hakunisalimia. Sawa tu.

Jumamosi, 18 Oktoba
Kathonzweni, bila fomu. Mbegu ziligawiwa Jumatano. Mama Ndinda amenipa jembe bila kuniuliza kama naliweza. Nimepanda mistari mitatu, wa tatu umepinda. Amecheka, akaupanda upya. Jioni tumekaa mlangoni tukitazama juu. Hakuna wingu hata moja. Mvua bado.