Maneno Yangu Kwenye Insha ya Minza

Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Upepo wa leo hapa Izia umekuwa wa kukata masikio, nami nimejitanda khanga juu ya sweta. Lakini kinachonisumbua si baridi peke yake.

Naogopa.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na kila siku najifunza maneno kumi magumu kutoka kwenye kamusi. Nilianza chuoni, baada ya wenzangu waliosoma shule za mjini kunicheka mbele ya darasa zima. Niliapa sitachekwa tena. Sasa nina maneno mengi kuliko watu wa kuwaambia, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Minza yuko kidato cha nne. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao. Mwezi uliopita aliniletea insha ya kuombea ufadhili wa masomo, nimsahihishie kabla hajaituma. Fomu ilisema wazi kwamba insha iwe ya mwanafunzi mwenyewe.

Alikuwa ameandika, kwa Kiingereza chake chepesi, kwamba hachoki kusoma kwa sababu ng'ombe wakitaka maji hawamuulizi kama amechoka. Nikaikata sentensi hiyo. Badala yake nikaweka "indefatigable", yaani asiyechoka, neno nililolipata wiki ile ile na lililokuwa likiniwasha ulimi. Nikaendelea hivyo hadi chini ya ukurasa, naye akanakili kila kitu. Nilisema nasahihisha. Kusema kweli nilikuwa najionyesha.

Insha ikapita. Jumanne Minza ana usaili Mbeya, na wamemwambia maswali yatatoka humo humo kwenye insha. Baba yake, mtu wa umri wa baba yangu, alikuja shuleni akavua kofia kunishukuru. Nilishindwa kumtazama usoni.

Leo baada ya misa Minza alikuja kufanya mazoezi. Mimi nikajifanya msaili. Kila alipofika kwenye maneno yangu alisimama, akayatamka polepole kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe yanayoteleza. Mwishowe akaiweka karatasi mezani.

"Madam, samahani. Wakiniuliza nani ameandika, niseme nini?"

"Sema tulisaidiana."

"Lakini hatukusaidiana, madam."

Alisema kwa upole, macho chini. Bora angenigombeza.

Akisema ukweli, huenda wakamkata, na mimi nitaitwa ofisini. Akidanganya, watamjua kwenye swali la pili. Majuto ni mjukuu, wanasema, ila wangu amezaliwa mapema.

Alipoondoka nilipekua kabati nikaipata karatasi yake ya kwanza. Wino wangu mwekundu umeikata kila mahali, ila maneno yake bado yanasomeka. Nimeisoma upya, taratibu.

Ni nzuri kuliko yangu.

Hilo linaniuma kuliko aibu inayonisubiri. Mtoto alikuwa na la kusema, mimi nikamziba mdomo kwa kamusi.

Nimeandika barua fupi ya yeye kwenda nayo kwenye usaili: hii ndiyo insha ya Minza, ile mliyopokea niliiharibu mimi, yeye hana kosa. Kesho alfajiri nitamkabidhi barua hii na karatasi yake ya kwanza stendi, kabla basi halijaondoka. Sijui kama watamsikiliza. Sijui kama wiki ijayo bado nitakuwa mwalimu.

Chini ya barua nimeweka jina langu kamili na namba ya simu. Wakipiga, nitapokea.