Viatu vya Pekupeku

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi na mkweo hatujambo, ila baridi ya huku haina adabu. Mgongo wako unaendeleaje? Bado unainamia viatu vya watu mpaka giza liingie?

Kaa chini kwanza. Umekaa? Baba, tunapata mtoto! Usikimbilie kanisani kabla hujamaliza barua, nakujua. Sina mimba. Tunamuasili msichana wa miaka mitano, na anatoka nchi nyingine kabisa, si hii tunayoishi wala si kwetu.

Ilikuwa hivi. Alikuja kanisani kwetu mama mmoja anayelea watoto yatima kule, akatuonyesha picha. Mmoja wao alikuwa pekupeku, anacheka mdomo wazi, meno mawili ya mbele hayapo. Tukarudi nyumbani. Mimi nikawa namwombea kimyakimya kazini, nikikunja mashuka ya hospitali. Wiki zikapita. Siku moja mkweo anaombea chakula, nikamsikia: "Bwana, na yule mtoto pekupeku, mtafutie watu wake." Nikafumbua macho katikati ya sala. Naye kafumbua! "Wewe pia?" Chakula kikapoa, tukilia na kucheka kwa pamoja. Miaka yote tumemuuliza Mungu hiki chumba kitupu ni cha nini. Sasa tunajua.

Ofisi inataka barua ya mzazi mmoja anayemkubali mtoto kuwa mjukuu. Wazazi wa mkweo walishatangulia mbele za haki, na Mama pia. Umebaki wewe tu.

Mwanao wa mwisho,
Kitinda


1 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo upo na unauma, asante kwa kuuliza. Msalimie mkwe wangu.

Onyo lako limechelewa. Nilisoma mpaka "tunapata mtoto", nikavua aproni, mbio kanisani. Kina mama wa kwaya wakapiga vigelegele mpaka njiwa wakaruka darini. Ndipo nikakaa benchi la nyuma kumalizia barua. Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu uolewe ninasimama mbele ya kanisa nikikuombea tumbo. Leo niwaambie nini? Kwamba ni mtoto asiye damu yetu, asiyejua hata neno moja la lugha yetu? Akiota ndoto mbaya atamlilia nani, na kwa maneno gani? Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kuandika ndiyo huku moyo unasema hapana. Niache kwanza.

Baba yako


20 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, nakuombea nawe uwe mzima.

Sikulazimishi. Lakini nikiwa mdogo, nimekaa kwenye kigoda chako nikikupakia nta kwenye uzi, wewe ndiye uliyeniambia kwamba Bwana Yesu alilelewa na fundi ambaye hakumzaa. Ulikuwa unajivuna sana: "Fundi, mwanangu, siyo mfalme!"

Nimekuwekea picha yake. Mtazame tu.

Mwanao,
Kitinda


2 Juni

Kitinda,

Hujambo? Mkwe wangu hajambo? Mimi sijambo, ila nimekasirika.

Kwanza, usinifundishe Biblia niliyokufundisha mwenyewe. Pili, ile picha niliificha nyuma ya kopo la gundi nisiione, na tangu siku hiyo nahitaji gundi kila saa. Mtoto kasimama juu ya kokoto, pekupeku, na anayemtaka ni binti wa fundi viatu! Huoni aibu? Nikifumba macho kuomba, naviona vile vidole. Nimemwomba Mungu aniondolee, akanizidishia.

Basi Jumapili nikasimama mbele ya kanisa. Nikasema, nilitangaza vibaya, mjukuu wangu haji kwa tumbo, anakuja kwa ndege. Wakapiga vigelegele vikubwa kuliko vya mwanzo, na mimi nikalia mbele za watu.

Barua ya ofisi imo humu. Sasa sikiliza kwa makini. Wamchore miguu kwenye karatasi, jioni, maana mguu hutanuka kutwa. Asimame, asikae. Penseli isimame wima, isilale. Wachore yote miwili, haifanani kamwe. Ngozi nimeshachagua, nyekundu, laini.

Babu mtarajiwa


14 Februari

Baba,

Shikamoo! Mgongo haujambo?

Viatu vya Pekupeku vilimkaa sawasawa, alilala navyo. Lakini miezi inakwenda, Baba. Jaji wa kule alihamishwa, kesi ikaanza upya, na mguu haungoji jaji. Mama mlezi anasema vidole vimeanza kujikunja. Naweka mchoro mpya.

Nimechoka kusubiri. Ila jana tulizungumza naye kwa simu, na amejua neno lake la kwanza la lugha yetu. Unajua ni lipi? "Babu"! Si "Mama". Nimeona wivu, sikufichi.

Mwanao,
Kitinda


3 Machi

Kitinda,

Hamjambo? Amesema Babu? Barua yako nimewasomea wateja wote, hata aliyekuja kuuliza njia.

Jozi ya pili hii hapa, nimeacha nafasi mbele ya kidole gumba. Ila Mungu nimemlalamikia. Ngozi nzuri vile, miezi michache tu jozi imebana! Nimemwambia wazi: "Bwana, si ungenidokeza?"

Babu


9 Agosti

Baba,

Shikamoo. Afya njema, moyo ndio unaokimbia. Naandika nikiwa sakafuni katika nyumba ya wageni, huku kwao Pekupeku.

Jaji amekubali! Pekupeku ni wetu! Leo nimemvalisha jozi ya pili kwa mikono yangu, imemkaa vizuri mno. Nikataka kuchukua ile iliyobana. Akaificha mgongoni, akapiga kelele, akakataa katakata. Mama mlezi akaanza kulia. Baba, ana mdogo wake! Wa kiume, miaka mitatu, yuko nyumba ya watoto wadogo, mtaa wa pili. Walituficha, wakiogopa kwamba tukisikia wapo wawili tutarudi nyuma. Kila Jumamosi humpelekea ile jozi aijaribu, na viatu bado vinampwaya kidogo tu.

Nilipomwona amesimama langoni na viatu vyako, nilichuchumaa nikamkumbatia. Lakini chumba ni kimoja, na kesi ya huyu itaanza mwanzo. Mkweo anazunguka ua tangu mchana. Nikiomba, sisikii kitu. Tuombee, na ujibu haraka.

Kitinda wako


18 Agosti

Kitinda,

Salamu baadaye. Mvalishe.

Nilimlalamikia Mungu juu ya ile ngozi, kumbe nilikuwa nashonea mguu nisioujua. Nimemwomba radhi nikiwa nimepiga magoti, na unajua magoti yangu yalivyo.

Wewe na ndugu zako, ninyi wanne, mlilala chumba kimoja mkipigana mateke, na hakuna aliyekufa. Mwambie mkwe wangu aache kuzunguka ua, atamaliza soli. Barua ya ofisi ya huyu wa pili imo humu. Safari hii sikuhitaji miezi mitatu, niliiandika nimesimama.

Babu yao


22 Aprili

Baba,

Shikamoo! Tumefika! Wote wanne, wazima, nyumba imejaa kelele mpaka majirani wamekuja kuchungulia.

Mdogo ameenea kwenye jozi ya kwanza na havui hata akioga. Na wewe uliuliza mtoto akiota ndoto mbaya atamlilia nani. Juzi Pekupeku aliota. Alimwita mdogo wake kwa lugha yao, kisha akaniita "Mama" kwa lugha yetu. Nilijigonga mlangoni kwa kukimbia.

Nimekuchorea miguu yao. Wa kushoto wa mdogo umepinda, alikuwa anacheka. Wanashangaa kuna mtu anayejua miguu yao na hajawahi kuwaona. Wanataka kujua yako ikoje. Chora, tafadhali, utume.

Mwanao,
Kitinda


10 Mei

Wajukuu zangu,

Hamjambo? Babu hajambo, hata mgongo leo umenyamaza. Mama yenu awasomee polepole.

Maisha yangu yote nimechora miguu ya watu, yangu sijawahi. Jirani yangu muuza magazeti ndiye aliyeshika penseli, nami nikasimama wima kama mteja. Alinitekenya, ndiyo maana kisigino kina kona.

Hii hapa. Jioni, siyo asubuhi, iwekeni sakafuni. Dada akanyage wa kulia, mdogo akanyage wa kushoto. Mnaenea wote wawili, nimeshapima.

Babu yenu