Mfereji wa Baba Chini ya Milamula

Hamugembe,
Bukoba.
9 Novemba 2024.

Mpendwa kaka Kahangwa,

Pokea salamu za nyumbani. Hujambo wewe, na wifi Magdalena je? Natumaini joto la Mtwara linawaachia usingizi. Huku tu wazima. Mama goti linamsumbua, ila hajakosa misa ya Jumapili hata moja na amesisitiza nikuandikie hivyo.

Vuli imeanza vizuri na senene wameshuka. Nimekukaangia kopo moja, jirani yetu Dastan atakuletea huko.

Najua unajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu hukawii kukata, na leo nataka unisikilize mpaka mwisho.

Ni habari ya bondeni. Tulipokubali mwaka juzi shamba letu na mashamba ya majirani yawe bustani ya watu wote, ahadi ilikuwa ardhi irudi kuwa oevu kama baba alivyoikuta. Mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba kuwashawishi watu. Baadaye manispaa ikatuambia kwamba maji yasipotuama kabla vuli hii haijaisha, bonde litakatwa viwanja. Fikiria ningewatazamaje majirani.

Mwanzo ulituchekesha. Mtaalamu wa mradi, binti anaitwa Sada, aliomba kila nyumba ilete mimea inayopenda maji. Wanawake wote tukaleta magimbi. Miezi michache baadaye bustani ilikuwa shamba tena, na jirani Ma Jovina alikuwa ameshaanza kuvuna. Tuling'oa, tukapanda mafunjo.

Tukaziba mifereji yote mitatu iliyokuwa ikikausha bonde. Mvua ikanyesha, maji yakajaa, na asubuhi hayapo. Wiki tatu mfululizo. Sada akapima hadi akachoka. Ndipo nilipokupigia kukuuliza kama baba alichimba mfereji mwingine, ukasema hukumbuki. Kaka, wewe unayekumbuka hadi leo senene wangapi nilikuibia, enzi ambazo sisi wasichana tulikatazwa kuwala, ndiye usahau mfereji? Nilijua unanificha. Sikukasirika, ila niliumia.

Basi nikashuka bondeni mwenyewe. Katikati kuna ile miti miwili ya milamula, unaijua. Vibarua walikuwa wakiizunguka kwa adabu, maana mlamula ni mpaka na mpaka hauguswi. Lakini mimi nimelima pale tangu utoto, na pale hapajawahi kuwa na mpaka wa mtu. Huku kwetu mlamula wa watu wengine ni mpaka, wa baba ulikuwa alama.

Mimi na jirani Avit tukachimba katikati yake. Kabla jembe halijazama sana tukagonga mawe, yamepangwa na kufunikwa, na maji yanapita chini yake. Nilivyoona yalivyobanana bila hata tone la saruji, nikajua ni mikono ya baba. Nilikaa kwenye tope nikalia. Avit akajifanya anatafuta koleo.

Kisha tuliyatoa mawe, tukashindilia udongo wa mfinyanzi mpaka giza likaingia. Naam, kaka, mfereji wa baba nimeuziba mimi, bila ruhusa yako. Siku ya nne maji yalinifika nusu ya muundi, na hadi leo hayajashuka. Habari ya viwanja imekwisha.

Niliogopa kumpeleka mama. Aliyatazama maji, akasema, "Baba yenu, Ta Mwijage, alikausha ili mle. Mmekula, mmesoma. Yaacheni maji yakae." Halafu akaomba kiti.

Wewe ulinificha kwa kumpenda baba, na mimi nimeziba huku nikimpenda vilevile. Hasira ukiwa nazo nikasirikie mimi, mama umwache.

Mawe sikuyatupa. Yako nyuma ya nyumba, nimeyaosha yote. Kaburi la baba bado ni udongo mtupu na nataka tulizungushie mawe hayo. Fundi nimemkataa, kwa sababu aliyefundishwa na baba kuyapanga ni wewe peke yako. Njoo Krismasi.

Msalimie sana wifi na mwanetu Dativa. Mama Klaudia, Ma Jovina na mzee Muharami wa dukani wanakusalimu. Mungu akulinde njiani na akufikishe kwetu salama.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Jovita