Jina Langu Kwenye Kaseti

Jumapili, 3 Agosti

Misa ya kwanza. Padri alihubiri bila kuhurumia migongo ya watu. Halafu kwenye benchi ya Mzee Hamisi, kama kila Jumapili. Hamisi ni Mwislamu, Jumapili kwake ni siku ya kazi, anatengeneza redio huku sisi tunabishana. Ni sisi wanne wale wale: yeye, Papa Jervasi mwalimu mstaafu, Godeliva rafiki yangu tangu usichana, na mimi.

Leo ilikuwa juu ya kutupa majina ya watu kwenye nyimbo. Jervasi kasema muziki wa sasa umeoza kabisa. Mwimbaji anataja tajiri, anataja mke wa tajiri, anataja duka la tajiri, wimbo unaisha hajaimba kitu. Nikamuunga mkono. Zamani jina liliingia kwenye wimbo kwa sababu ya mapenzi. Hamisi akacheka, bisibisi mdomoni. Ati hata zamani walilipa. Ati yeye alikuwa fundi wa sauti kwenye baa kule Bukavu, ng'ambo ya daraja, anayajua ya ndani.

Nikatoa ushahidi wangu ule ule. Nikauimba wimbo wangu. "Adela wa Nzahaha, ukivuka daraja nisubiri." Marehemu mume wangu Silvesta alinirekodia kabla hatujachumbiana. Kaseti aliileta mwenyewe nyumbani kwa baba, mikono inatetemeka hadi mama akamwonea huruma. Nikamuuliza Hamisi: na kutetemeka nako kulilipiwa?

Godeliva akasema kama anavyosema siku zote, kweli, yale yalikuwa mapenzi. Hamisi akarudia redio yake. Nimeshinda tena. Nimekula ugali na vidagaa vya sambaza, nimelala mchana usingizi mtamu.

Jumatano, 6 Agosti

Soko lilipoa. Vumbi tu juu ya vitenge. Nilipiga vumbi, nikakunja, nikapiga tena.

Jervasi alinichokoza Jumapili wakati tunaagana. Miaka yote hii ninausifu wimbo, yeye hajawahi kuusikia kwenye kaseti hata mara moja. Ni kweli. Mashine iliutafuna utepe wakati mwanangu Furaha akiwa bado mdogo. Kwa hiyo leo nimepita kwa Hamisi kumuuliza kama kuna dawa. Akasema dawa ipo: alipoacha kazi Bukavu alikuja na kaseti mama zote, zile za kwanza kurekodiwa, zimo kwenye sanduku chini ya kitanda. Atanitolea yangu, ataiweka kwenye fulashi.

Akaniuliza aliyeagiza alikuwa nani. Sikuelewa. Kumbe kaseti zake hazina jina la wimbo wala la mwanamke. Zina jina la mwanamume aliyeagiza, na tarehe. Ndivyo walivyofanya kazi. Wimbo ulikuwa mmoja, nafasi ya jina inaachwa. Mwanamume anakuja mchana, baa ikiwa bado tupu, anatoa jina, orkesta inapiga, Hamisi anarekodi. Anayefuata.

Hilo la nafasi sikulipenda. Lakini nimempa jina la Silvesta.

Jioni nimekutana na Godeliva akitoka mpakani, daraja la Rusizi II, beseni tupu, nyanya zake zote zimeisha upande wa pili. Nikamwambia habari njema. Hakufurahi. Akasema niache, kaseti za zamani zina kelele tu, nitajiharibia. Alirudia mara mbili. Atakuwa amechoka. Kupanda kile kilima na jua hili si mchezo.

Jumapili, 10 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Nilivaa kitenge kipya. Mjinga. Hamisi alikuwa ameweka spika nje, na wasichana wa saluni ya jirani walikuja kusikiliza. Jervasi aliniachia nafasi ya katikati. Godeliva alikaa mwisho wa benchi, amekumbatia mkoba.

Gitaa likaanza. Lile lile. Nikafumba macho nikisubiri jina langu.

"Godeliva wa Nyakarenzo, ukivuka daraja nisubiri."

Sauti ile ile. Mwimbaji yule yule, anavuta pumzi pale pale. Mmoja wa wasichana akacheka, akidhani ni mchezo. Hamisi akasema amekosea, zilikuwa mbili, akasogeza mbele. Ikaja ya pili. Adela wa Nzahaha. Hamisi akachukua vile vikaratasi vya kaseti aone kosa lake liko wapi, akasoma kwa sauti, bila ubaya wowote, ndivyo alivyo. Silvesta. Silvesta. Tarehe moja. Ndipo akajisikia mwenyewe, akazima spika.

Jervasi aliangalia viatu vyake. Mimi nilimwangalia Godeliva.

Hakushtuka. Hicho ndicho nilichokiona. Asiyejua hushtuka. Yeye alikuwa amekaa kama mtu anayesubiri zamu yake hospitalini, na zamu imefika. Akainuka, akaenda zake. Na mimi nikaenda, upande mwingine, ingawa nyumba zetu ziko njia moja.

Jumatatu, 11 Agosti

Sikufungua duka.

Nimeigeuza foto ya Silvesta ikaangalia ukuta. Halafu nimeigeuza tena ili nimtukane usoni. Nimemtukana kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, na kwa Kifaransa kidogo nilicho nacho. Miaka sita yuko chini ya udongo, hajibu. Hata akiwa hai hakuwa mtu wa kujibu.

Nina hasira. Nina aibu kuliko hasira. Ni mara ngapi nimeusimulia ule wimbo? Kwenye harusi ya Furaha niliusimulia na kipaza sauti mkononi, Godeliva amekaa meza ya mbele.

Alipiga makofi.

Alhamisi, 14 Agosti

Hamisi amekuja dukani. Hakukaa. Alisimama kati ya vitenge akiomba samahani, kofia mkononi. Nilimuuliza kama alijua. Akaapa hakujua. Siku zile wanaume walikuwa wanapanga foleni, yeye kichwa chake kilikuwa kwenye vifungo vya mashine, majina hakuyasikiliza. Alipoona kaseti mbili za Silvesta alidhani zote ni zangu, ya kwanza imeharibika, wakarudia. Namwamini. Hamisi hawezi kudanganya, hana akili hiyo.

Angeondoka hapo ingekuwa afadhali. Mimi na mdomo wangu. Nikamuuliza ipi ilirekodiwa kwanza. Akasema vikaratasi vina namba. Nikasema basi, usiniambie. Akafika mlangoni nikamwita arudi aniambie.

Ya Godeliva.

Ijumaa, 15 Agosti

Kupalizwa kwa Bikira Maria. Kanisa lilijaa mpaka nje. Niliimba bila kujua ninaimba nini.

Godeliva alinisubiri getini. Amevaa kitenge nilichompa mimi Noeli. Nilitaka kupita. Akanishika mkono, na mbele ya watu wa parokia sikutaka vurugu, tukasogea kwenye ua.

Amesema yote, nayaandika hapa ili nisije nikayapamba. Silvesta alimpelekea kaseti yake Jumamosi. Yeye akaikataa. Hakutaka mume dereva wa lori, anayelala popote. Alimrudishia kaseti mkononi. Jumapili yake Silvesta akaja kwetu Nzahaha na ya pili. Alikuwa amejiandaa kabisa, mmoja akikataa kuna mwingine. Kumbe ile mikono iliyotetemeka ilikuwa imetoka kukataliwa jana yake. Na mama yangu akamwonea huruma.

Godeliva alijua siku nilipomwonyesha kaseti, nikiruka ruka kama mbuzi. Nilimuuliza kwa nini hakusema siku hiyo hiyo.

"Ulikuwa na furaha, Adela. Mi niliona nitakuharibia."

Hilo ningelimeza. Tulikuwa wasichana. Nikamuuliza la pili. Kwa nini Jumapili zote hizi, pale kwenye benchi, ananiunga mkono? Hakuna aliyemuuliza. Angeweza kunywa chai yake akanyamaza.

"Ningesema nini mbele ya batu?"

Nikamwambia Silvesta alinidanganya mara moja. Wewe umenidanganya kila Jumapili, na ushahidi wa uongo ukanitolea. Nilimwambia pia maneno mengine, kuhusu nyanya zake na kuhusu mume aliyempata baada ya kumkataa wangu. Sitayaandika. Alilia. Nilimwacha hapo kwenye ua.

Sijutii. Kidogo tu yale ya mume wake.

Jumapili, 17 Agosti

Benchi sikwenda. Nimefua. Nimefua hata vilivyokuwa safi.

Jumanne, 19 Agosti

Furaha kapiga simu kutoka Kigali. Jervasi alimwambia, huyo mzee ana mdomo. Furaha kaniuliza swali moja la kijinga: Maman, Papa alikuwa mume mbaya? Hapana. Nikiwa na mimba ya Furaha alinichotea maji mchana kweupe, wanaume wenzake wakimcheka. Mshahara alileta nyumbani. Kama alienda kwingine njiani huko, sijawahi kusikia. Basi shida iko wapi, Maman? Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata.

Shida ni kwamba siwezi hata kumchukia sawasawa. Nikianza, namkumbuka na ndoo kichwani.

Na Godeliva je? Yeye ndiye aliyenishika mkono Furaha akizaliwa. Alipovunjika mguu nilimwogesha mimi. Ndiye niliyetaka kumpigia simu juzi nimwambie ubaya alionifanyia Godeliva.

Mchana nimeweka kwenye redio fulashi aliyoniachia Hamisi, duka limefungwa. Nimesikiliza zote mbili, yake kisha yangu, yake kisha yangu. Nilikuwa natafuta kitu. Nimekipata, na ningeomba nisikipate. Ya kwake imeimbwa vizuri zaidi. Mwimbaji bado ana sauti, gitaa halina haraka. Kwenye yangu wamechoka, wanataka kumaliza wakale. Hilo limeniuma kuliko namba ya kikaratasi.

Jumapili, 24 Agosti

Nimekwenda. Nimechoka kukwepa barabara yangu mwenyewe.

Walikuwepo wote watatu. Godeliva mwisho wa benchi, mimi mwisho mwingine, Jervasi katikati. Hamisi akaleta chai kabla hatujaomba. Jervasi, masikini, akaanzisha mjadala wa magitaa, kama la zamani lilikuwa bora kuliko la sasa. Aliyapita majina mbali kabisa. Mtu angedhani nyimbo hazijawahi kuwa na majina.

Nikamkatiza. Nikasema Hamisi alikuwa sahihi tangu mwanzo. Muziki ule tunausifu bure. Ulikuwa biashara kama ya sasa, afadhali vijana wa leo hawajifichi. Hakukuwa na mapenzi mle ndani. Tulikuwa tunanunuliwa vitambaa vya jora moja, kila mmoja akidhani ni peke yake.

Hamisi ameshinda na hakufurahi. Akaangalia chini. Jervasi akakoroga chai yake.

"Hapana, Adela. Pale njo ulikosea."

Godeliva. Sikumbuki siku hata moja aliyowahi kunipinga kwenye benchi ile. Jervasi akajivuta nyuma, tukaonana.

Ningeweza kuondoka. Nilikuwa nimeshashika mkoba. Nikamwambia atoe sababu zake.

Akazitoa. Taratibu, akiangalia glasi ya chai. Akasema Silvesta ni neno lingine, tumwache. Yeye anasema juu ya wimbo. Watu watano walipiga mchana, baa tupu, kwa ajili ya wasichana wawili wasiowajua na hawatawaona, na gitaa hawakuliibia hata kidogo, walilipiga kwa moyo wote. Yeye kaseti aliirudisha baada ya kuisikia mara moja tu. Mpaka leo akipanda kutoka darajani na beseni kichwani, lile gitaa ndilo linalompandisha. Jina lake kwenye wimbo halikumbuki. Gitaa analikumbuka. Na akasema la mwisho ambalo nadhani lilimgharimu: nilipokuwa nauimba pale kwenye benchi, yeye hakuwa ananicheka. Alikuwa anasikiliza.

Nilimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza. Nikamwambia kwenye yangu lile gitaa wameliibia, nimesikia kwa masikio yangu, na kama anabisha aje dukani asikilize mwenyewe.

Akasema atakuja kesho, akishauza nyanya.

Sikumkubalia hata sababu moja. Nilimaliza chai, nikabaki nimekaa.