Jiwe la Kijani na Siku Moja ya Kupumzika

Jumapili, 7 Julai

Tairi la nyuma tena. Mara ya tatu tangu tutoke Kolwezi. Mume wangu Donatien aliziba, mimi nikashika pampu na kutazama bwawa la Nzilo kutoka juu ya kilima. Miaka ishirini na sita ya ndoa tumeishi karibu na hapa, na hatujawahi kuja. Umeme wetu unatoka hapo chini. Ukikatika tunalitukana bwawa. Kumbe ni zuri.

Mpango haujabadilika: kufika Kamina, kwao Donatien, kwa baiskeli, kabla shule hazijafunguliwa. Amestaafu kazi ya reli. Anasema amepita milima hii maisha yake yote akiwa ndani ya gari moshi na hakuona kitu. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano, niko likizo, na nina ugonjwa wa kutaka kujua kila kitu. Tunafaana.

Kila kijiji wanatuuliza tunauza nini. Barabara hii baiskeli hubeba makaa na mihogo. Watu wawili wazima wenye mvi, wanapanda mlima bila mzigo wa kuuza, hawaeleweki. Leo mama mmoja hakutuamini, mwenyewe akafungua mfuko wangu. Alikuta nguo za ndani na daftari hili. Akatuhurumia, akatupa karanga.

Jumatatu, 8 Julai

Kupanda tu. Tumesukuma baiskeli kuliko kuziendesha. Goti la Donatien limevimba na hakusema mpaka nilipoona anachechemea. Nimemkasirikia. Bado nimekasirika ninapoandika.

Jioni tumefika kijiji cha juu kabisa. Nyumba kama ishirini, baridi ya kuuma meno. Chefu, yaani mkuu wa kijiji, alitupeleka kwa mjane, Mama Ngoie, mwenye chumba kitupu. Huyu hakuuliza tunauza nini. Alitazama goti, akaweka maji motoni. Nilimpenda papo hapo.

Kesho hatuendi popote. Nimeamua mimi.

Jumanne, 9 Julai

Siku rahisi. Asubuhi yake ilikuwa rahisi, angalau.

Niliamka jua limeshatoka. Uji wa mahindi wenye karanga. Donatien alikaa kwenye kiti, mguu juu ya gunia, akisafisha mnyororo kwa mafuta ya taa na kuimba nyimbo za kanisa. Nikafua. Nikaanika. Sikuwa na kazi nyingine, basi nikaanza kuuliza. Kwa nini miguu ya ghala imevikwa makopo? Panya. Kwa nini mlango wa jiko unatazama nyuma? Upepo. Kwa nini matuta ya mihogo ni marefu hivi? Maji ya mvua. Mama Ngoie alinijibu yote, wala hakuchoka.

Shamba lake la mihogo linateremka nyuma ya nyumba hadi kijito. Nilishuka nikitazama chini, kama kawaida yangu, na humo nikaokota jiwe. La kijani, lenye mistari myeusi, zito kuliko ukubwa wake. Kolwezi nimeona malori mangapi yamejaa mawe ya shaba ya namna hii! Lakini sikuwahi kuokota hata moja mwenyewe, ardhini, likiwa bado na udongo wake. Nilifurahi sana. Nikalipeleka kisimani, nikaliosha mbele ya watu wote, nikauliza kwa sauti ya darasani: hili mnaliita nini?

Kisima kizima kiligeuka kunitazama. Mama Ngoie alikuwa anajaza ndoo. Ilifurika, naye akaendelea kumimina.

Wanaume wawili wakasogea. Ni wachimbaji, wamerudi juzi kutoka migodi ya Kolwezi kusalimia wazazi. Mmoja alilichukua, akaligeuzageuza juani, akanirudishia, akauliza nimelitoa wapi. Nikapunga mkono: huko chini. Mama Ngoie akaniita haraka, eti maji ya goti yamechemka. Wale wawili wakapanda kwenye mwamba wenye mtandao, simu mkononi.

Jikoni akaniambia habari ya lile jiwe, bila kupandisha sauti: "Ile libwe mi naijua, mama. Kila mwaka nikilima naziokota, natupa mu choo. Miaka kumi na moja. Hata batoto yangu habajue."

Halafu akaniambia habari za dada yake, karibu na Kolwezi. "Balianza na shimo moja tu. Leo hata fasi ya nyumba yake haiko."

Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Mtu anayetoka Kolwezi, mwalimu mzima, nikaenda kupiga kelele juu ya jiwe la kijani mbele ya wachimbaji! Hata mtoto wa darasa la kwanza kule kwetu asingefanya hivyo.

Nimemweleza Donatien. Nimesema kesho nitadai jiwe ni langu, nilikuja nalo. Akasema uongo ni uongo. Huyu ni mzee wa kanisa. Hajawahi kudanganya hata polisi wa barabarani, na hilo limetugharimu mara nyingi. Nikamuuliza ukweli wake utamlisha nini Mama Ngoie shamba likiisha. Hatusemezani.

Jumatano, 10 Julai

Pikipiki tano zimefika asubuhi. Wanaume kumi na mmoja, sururu, majembe, magunia matupu. Chefu alikuwa pamoja nao, amevaa viatu vya ibada. Ardhi ni yake kwa desturi. Alisema waziwazi: jiwe likiwa la shamba lile, uchimbaji unafunguliwa, na Mama Ngoie atapewa mahali pengine ng'ambo ya mlima. Nimepita ng'ambo ya mlima. Kuna majani makavu na mawe meupe, basi.

Nilisema kabla sijaulizwa. "Ile libwe nilitoka nayo huko chini, Kolwezi. Mi ni mwalimu, naonyeshaka batoto mu masomo. Jana nilikuwa naiosha tu."

Yule mchimbaji wa jana si mjinga. "Mama, jana uliuliza inaitwa je. Mwalimu hajue libwe yake?"

Nikamjibu: "Ndjo kazi ya mwalimu, kuuliza kitu anajua."

Baadhi walicheka. Yeye hakucheka. Akamgeukia Donatien: "Tata, ni kweli?"

Wote wakamtazama. Donatien alikuwa anafunga kitambaa gotini, akakifunga mpaka mwisho, hana haraka. Kisha akasema: "Eko anaulizaka vile hata ku nyumba. Tangu miaka makumi mbili na sita."

Hapo hata chefu alicheka. Nami ningeweza kumbusu na kumpiga kwa wakati mmoja, maana hakudanganya hata neno moja.

Chefu akataka shimo moja tu la kuhakikisha. Mama Ngoie mwenyewe, anayejua pasipo na mawe ya kijani, akawatangulia hadi pembeni mwa kijito, akawaonyesha: hapa. Walichimba mpaka kiunoni. Udongo mwekundu, mizizi. Mara moja jembe liligonga kitu kigumu na wote wakainama. Jiwe jeupe. Wakachimba kidogo tena kwa hasira, wakatoka, wakilalamikia petroli yao. Lile langu la kijani waliliomba, nikawapa. Pikipiki zikaondoka zote.

Mama Ngoie hakunishukuru, na ana haki. Aliokota mihogo iliyong'olewa, akakaa, akaanza kumenya. Nikachukua kisu nikakaa karibu naye. Tulimenya mpaka jua likawa kichwani, na sikuuliza swali hata moja. Donatien anasema ni mara ya kwanza tangu anioe.

Alhamisi, 11 Julai

Mteremko. Breki zinalia, vumbi, hewa inapata joto kila kona. Goti limepungua. Donatien yuko mbele, kimya. Nilidhani bado ananihukumu na sikuwa na nguvu za kumuuliza.

Saa nne tulifika njia panda, kuna kibanda cha chai. Pikipiki moja imesimama, wanaume wawili, vyuma vya kuchimbia vimefungwa nyuma. Wamesikia kuna kijiji cha juu, sijui kipi, ambako mama mmoja mwenye baiskeli ameokota shaba shambani kwa mtu. Wanakitafuta. Mmoja akaitazama baiskeli yangu, kisha akanitazama mimi.

"Si ni weye?"

Mimi, mwenye mdomo wa kujibu kila kitu, nikainamia kikombe changu.

Donatien aliweka kikombe chini. "Sie tulifwata reli," akasema. "Ku mulima hatukufika."

Akasema uongo ule bila kukohoa, akiwatazama machoni. Wakamshukuru, tata, aksanti, wakawasha pikipiki na kushika barabara nyingine.

Tulikaa. Mwenye kibanda alikuwa anasuuza sufuria. Donatien hakunitazama. Mzee wangu wa kanisa akaniomba sukari. Nilimsogezea. Akakoroga chai muda mrefu, akanywa yote, tukaondoka.