Nauli ya Watu Wawili

Shoga, uko?  Ndiyo kwanza tumeshuka botini, kisiwani Wasini.

Aliyoyafanya Bi Mwanapili, jirani yetu, sijapata kuona. Pale Shimoni nahodha Mbarak alimtazama juu mpaka chini, kisha akamwambia mbele za watu, "Mama, kwa mwili huo utalipa nauli ya watu wawili." Watu wakacheka. Watu wazima, wallahi, wakacheka!

Bi Mwanapili akafungua mkoba. Akalipa. Ya watu wawili, akalipa!

Akaketi, akavua leso yake ya juu, ile kanga ya kujitandia, akaitandika ubaoni kando yake. Gerishom, yule wa hotelini, akataka kukaa hapo. Bi Mwanapili akamzuia kwa mkono. "Hapo pana mtu, baba. Nahodha ameshamlipisha."

 Si unamkumbuka mwanawe, Amin? Alizama kwenye mkondo huu huu, na maiti yake haijaonekana mpaka leo. Mbarak akageuza uso, asitutazame tena.

Njia nzima, kila upepo ukiiinua ile leso, Bi Mwanapili anailaza. Anainong'oneza. "Tulia. Tulia, tunafika."

Gatini Mbarak akampa mkono amshushe. Akakataa. "Mtangulize mwanangu."

Shoga, yule nahodha akaunyoosha mkono juu ya leso tupu. Akangoja. Kisha akaurudisha polepole, polepole, kama mtu aliyeshikwa mkono.

Na sisi tuliocheka, sote, tukasogea kupisha njia.